Faiawoli ikigoma kuamka: namna ya kuiokoa kabla ya kuitupa

OFISI nyingi za mijini hukumbuka kwamba zina faiawoli siku ile inapogoma. Umeme hukatika usiku na kurudi alfajiri, na wafanyakazi wanapofika kazini saa mbili asubuhi hukuta intaneti haipatikani, barua pepe haziendi, na tawi la pili haliwezi kuziona hesabu zilizo makao makuu. Katika chumba cha mitambo taa za kisanduku hicho zinawaka, lakini hakuna kinachopita.

Faiawoli ni kompyuta ndogo inayowekwa kati ya mtandao wa ndani wa ofisi na intaneti, ili ikague kila kinachoingia na kinachotoka na kuruhusu kile tu kilichoidhinishwa. Ina prosesa, kumbukumbu, hifadhi ya fleshi na programu endeshi yake. Na kwa kuwa ni kompyuta, huweza kushindwa kuamka, au kubuti kama wasemavyo mafundi, kwa sababu zile zile zinazoziangusha kompyuta nyingine: umeme uliokatika ghafla, fleshi iliyochakaa, programu mpya iliyopakiwa nusu, au kipuri kilichokufa.

Tofauti yake na kompyuta ya mezani ni kwamba haina kioo wala kibodi. Mwenye ofisi huona taa tu, na taa hazisemi mengi. Ndiyo maana vifaa vingi ambavyo bado ni vizima hupelekwa stoo au kuuzwa kama chuma chakavu, ilhali fundi mwenye kebo moja na saa moja ya utulivu angeweza kuvirejesha kazini.

Kabla ya kueleza namna ya kufanya hivyo, liko jambo ambalo halipaswi kufanywa hata kidogo. Mkurugenzi anapopiga simu kila baada ya dakika tano, hushawishika mtu kuichomoa kebo ya kampuni ya intaneti kutoka kwenye faiawoli na kuichomeka moja kwa moja kwenye swichi ya ofisi, "kwa muda tu". Mara nyingi njia hiyo hufanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana huo muda mfupi hugeuka kuwa wiki.

Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizivuruga hospitali za Uingereza hata maelfu ya miadi ya wagonjwa yakafutwa. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo, katika ripoti iliyotolewa Oktoba mwaka huo, ilieleza kwamba angalau taasisi 81 kati ya 236 za huduma ya afya katika England ziliathirika. Aidha, ilisema kuwa kompyuta ziwe zilikuwa zimewekewa marekebisho ya Microsoft au hapana, usimamizi mzuri wa faiawoli zinazotazamana na intaneti ungeziepusha taasisi hizo na maambukizi. Kwa hiyo ni heri mhasibu atumie simu ya mkononi kama modemu kwa kompyuta moja hadi mchana, kuliko ofisi nzima kuachwa mlango wazi.

Tuchukue mfano wa kifaa kinachojulikana sana, Cisco ASA 5505. Familia ya ASA ilianza kuuzwa mwaka 2005 ikirithi nafasi ya faiawoli za PIX, na huyo mdogo wake mwenye matundu manane ya mtandao alienea katika ofisi ndogo duniani kote. Mtengenezaji aliacha kumuuza mwaka 2017 na msaada wake ukakoma mwaka 2022. Tunamchukua kama mfano kwa sababu hatua zake za kuamka ni bayana, na anayezielewa hatapotea sana mbele ya kifaa cha kampuni nyingine.

Kifaa hicho kinapowashwa hupitia hatua nne. Kwanza hujikagua mwilini: prosesa, kumbukumbu, matundu. Pili, programu ndogo iitwayo ROMMON, ambayo hukaa katika chipu yake yenyewe mbali na fleshi, hushika usukani. Tatu, ROMMON huitafuta programu endeshi ndani ya fleshi na kuifungua katika kumbukumbu. Nne, programu endeshi husoma mipangilio ya ofisi husika, yaani nani aruhusiwe, nani akataliwe, matawi yaunganishwe vipi, kisha hufungua njia. Kila hatua ina namna yake ya kushindwa, na kazi ya fundi ni kujua kifaa kimekwama katika hatua gani kabla ya kugusa chochote.

Uchunguzi huanza kwenye umeme. ASA 5505 hupata umeme kutoka kwenye adapta ya nje ya volti 48. Adapta iliyochoka inaweza kuwasha taa zote lakini ikaishiwa nguvu pale prosesa inapoanza kazi, na kifaa kikazima na kuwaka tena bila kikomo. Fundi hupima kwa mita, au hujaribu adapta nyingine ya aina ile ile. Kuazima adapta ya kifaa tofauti kwa sababu tu plagi yake imeingia ni namna ya haraka ya kugeuza tatizo dogo kuwa kubwa.

Taa iliyoandikwa "Status" nayo itazamwe. Ikimetameta rangi ya kijani, kifaa kinajikagua. Ikitulia katika kijani, ukaguzi umepita. Ikitulia katika rangi ya kahawia ya njano, kuna hitilafu. Zaidi ya hapo taa hazina la kusema.

Anayeweza kusema ni tundu la konsoli, ambalo kwenye vifaa vya Cisco huzungushiwa rangi ya buluu. Kebo yake, ya buluu hafifu, huja ndani ya boksi jipya na katika ofisi nyingi huwa imetupwa pamoja na boksi. Kwa kuwa kompyuta mpakato za siku hizi hazina tundu la zamani la serio, itahitajika pia adapta ya kwenda USB. Programu ya bure kama PuTTY hutosha, ikipangwa kwa kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, na biti moja ya kusimamisha. Herufi zikitokea kama chuyachuya lisilosomeka, usidhani kifaa kimeharibika. Mara nyingi kasi ndiyo haijalingana. Baadhi ya faiawoli, zikiwamo zile za Netgate zinazotumia programu ya pfSense, huzungumza kwa kasi ya 115200.

Baada ya kuunganisha, kifaa kizimwe, kiwashwe, na maneno yote yanayopita kwenye kioo yahifadhiwe katika faili. Hapa subira ina faida kubwa kuliko ujuzi. Kama kioo kinabaki kitupu, tatizo ni la umeme, la kebo au la maungo yenyewe. Maneno yakisimama kwenye alama ya "rommon", basi kifaa ni kizima lakini hakioni programu endeshi ya kupakia. Kikianza kupakia, kikafa, kikaanza upya, faili ya programu hiyo huenda imeharibika, au kumbukumbu ni mbovu au haitoshi. Na kikifika mwisho kikajitambulisha kwa jina la kiwandani, "ciscoasa", badala ya jina mlilokipa, ujue kimeamka salama bali hakijasoma mipangilio yenu.

Hali hii ya mwisho huwachanganya watu wengi, nayo ina chanzo kimoja kinachochekesha kidogo. Mtu aliyesahau neno la siri huingia ROMMON na kuandika "confreg 0x41", amri inayokiambia kifaa kiamke bila kusoma mipangilio. Huweka neno jipya la siri, hufurahi, huenda nyumbani. Akisahau kurudisha thamani ya awali, 0x1, kifaa kitaendelea kutii amri ile ile kila kinapowashwa. Miezi sita baadaye umeme unakatika, na ofisi inaamini kwamba mipangilio yote imefutika, kumbe imo salama ndani ya fleshi ikisubiri kuitwa. Amri ya "copy startup-config running-config" huirudisha, kisha thamani hurekebishwa na kuhifadhiwa.

Turudi kwa kifaa kilichokwama kwenye ROMMON, kwa kuwa hapo ndipo uokoaji hasa unapofanyika. Kama programu endeshi iliyo ndani ya fleshi haifai, ROMMON inaweza kuipokea nyingine kupitia kebo ya mtandao kutoka kwenye kompyuta mpakato, kwa njia iitwayo TFTP. Njia hiyo ni kongwe. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 1981, haina neno la siri wala usimbaji wowote, na kwa sababu hiyo hiyo ya wepesi wake inaenea ndani ya chipu ndogo.

Fundi huweka programu ya seva ya TFTP kwenye kompyuta yake, huipa kompyuta hiyo anwani kama 192.168.1.10, na huunganisha kebo kwenye tundu la kwanza la faiawoli. Kifaa kinapoanza kuwaka hubonyeza kitufe cha Esc ndani ya sekunde kumi zinazohesabiwa kwenye kioo. Kisha huiarifu ROMMON mambo manne: anwani ya kifaa chenyewe kwa "ADDRESS=192.168.1.1", anwani ya kompyuta kwa "SERVER=192.168.1.10", tundu litakalotumika kwa "PORT=Ethernet0/0", na jina la faili kwa "IMAGE=". Amri ya "ping" huhakikisha kwamba pande mbili zinaonana, na "tftp" huanza kuvuta.

Isipoanza kuvuta, mtuhumiwa wa kwanza ni faiawoli nyingine: ile ya Windows iliyo ndani ya kompyuta mpakato, ambayo huzuia maombi ya mlango wa UDP namba 69. Mlinzi mmoja anamnyima mwenzake maji. Mtuhumiwa wa pili ni ukubwa wa faili. TFTP ya asili hutuma vipande vya baiti 512 na kuvihesabu hadi 65,535 tu, hivyo seva za zamani hukwama faili inapozidi megabaiti 32 hivi. Kwa ASA 5505 hilo si tatizo sana, lakini kwa faiawoli za baadaye, ambazo faili zake ni kubwa zaidi, inafaa kutafuta seva ya TFTP iliyo mpya.

Toleo la programu lichaguliwe kwa uangalifu, na kanuni nzuri ni kutumia lile lile lililokuwamo. ASA 5505 za mwanzo zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256, na kuanzia toleo la 8.3 baadhi yake, kutegemea leseni, zinahitaji 512. Tena, toleo hilo la 8.3 lilibadilisha namna ya kuandika kanuni za kutafsiri anwani, kwa hiyo kuruka kutoka toleo moja hadi jingine katikati ya dharura ni kujiongezea fumbo la pili kabla ya kulimaliza la kwanza. Toleo la mwisho kwa kifaa hiki ni la familia ya 9.2. Kuboresha kufanyike siku nyingine, kifaa kikiwa kimetulia.

Faili lenyewe linatoka wapi? Kwa kawaida mtengenezaji hulitoa kwa wenye mkataba wa huduma. Wengine hulitafuta katika tovuti za vichochoroni, jambo ambalo ni sawa na kumwajiri mlinzi wa usiku bila kumuuliza jina. Alama ya uhakiki ya faili ilinganishwe na ile iliyotangazwa na mtengenezaji. Amri ya "verify /md5" ndani ya kifaa hufanya kazi hiyo.

Upakuaji ukikamilika, kifaa kitaamka, mipangilio itasomwa, na intaneti itarudi. Watu hupiga makofi, na hapo hapo kosa kubwa hufanyika. Programu iliyopokelewa kwa ROMMON imekaa katika kumbukumbu tu; haijaandikwa popote. Umeme ukikatika jioni, kifaa kitarudi pale pale kilipokuwa asubuhi. Ni lazima faili linakiliwe tena, safari hii kwenda kwenye fleshi kwa "copy tftp flash", kifaa kielekezwe kulitumia kwa amri ya "boot system", na yote yahifadhiwe kwa "write memory". Kisha kizimwe na kuwashwa mbele ya macho ya fundi, konsoli ikiwa imeunganishwa.

Wakati huo huo orodha ya mafaili ikaguliwe. Yakionekana mafaili yenye majina kama FSCK0000.REC, hayo ni mabaki ya ukarabati ambao kifaa kilijifanyia baada ya kukuta mpangilio wa fleshi umevurugika, kwa kawaida kutokana na kukatika kwa umeme. Moja au mawili si hoja. Yakiwa mengi, fleshi inaelekea ukingoni, na katika ASA 5505 ni kadi ndogo iliyo ndani ya kisanduku ambayo inaweza kubadilishwa.

Iko hadhari moja juu ya kuingia ROMMON. Kama msimamizi wa awali aliweka amri ya "no service password-recovery", kifaa kitamwuliza anayeingia kama anakubali fleshi yote ifutwe. Hicho si kitisho cha bure. Anayejibu ndiyo hupoteza programu na mipangilio kwa pamoja.

Kampuni nyingine hufuata njia zinazofanana. FortiGate huonyesha menyu kabla ya kuamka, ambamo herufi B humaanisha kuamka kwa programu ya akiba, G kuvuta programu kwa TFTP, na F kufuta na kupanga upya hifadhi. Anayebonyeza F bila nakala ya mipangilio atajuta. SonicWall ina hali ya usalama inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe kidogo cha nyuma, kisha huingiwa kwa kivinjari kwenye anwani 192.168.168.168. Faiawoli ndogo za Juniper SRX huhifadhi programu endeshi katika sehemu mbili, na ya kwanza ikiharibika huamka kwa ya pili. Hutoa onyo kwa anayeingia, lakini mtandao ukifanya kazi nani anaingia? Ofisi inaweza kukaa mwaka mzima ikitegemea akiba bila kujua, hadi akiba nayo iharibike. Amri ya "request system snapshot slice alternate" hunakili sehemu nzima juu ya ile mbovu.

Kwa pfSense mambo ni rahisi kwa namna yake, kwa kuwa mipangilio yote imo katika faili moja, config.xml, na kisakinishi chake kina chaguo la kulisoma faili hilo kutoka kwenye diski ya zamani kabla ya kuweka programu upya. Matoleo ya zamani yalitumia mpangilio wa diski ulioumizwa sana na kukatika kwa umeme; tangu toleo la 2.6.0 la mwaka 2022 mpangilio wa kawaida ni ZFS, ambao hustahimili zaidi.

Hata hivyo, viko vifo ambavyo konsoli haiponyi. Februari 2017 Cisco ilitangaza kwamba kipuri cha kutoa mapigo ya saa, kilichomo katika baadhi ya bidhaa zake, kingeweza kuharibika baada ya kifaa kufanya kazi kwa takriban miezi 18, na kwamba kikishakufa kifaa hakitaamka tena wala hakiwezi kuokolewa. Cisco haikumtaja aliyekitengeneza, lakini waraka wa makosa wa prosesa za Intel Atom C2000 ulieleza hitilafu ya namna hiyo. Faiawoli za ASA 5506, 5508 na 5516 zilikuwamo, na makampuni mengine yaliyotumia prosesa hizo, kama Netgate na Synology, yaliguswa pia. Anayenunua kisanduku cha mtumba cha miaka hiyo na aulize tarehe ya kutengenezwa. Vilivyotoka kiwandani kabla ya mwishoni mwa 2016 ndivyo vya kutiliwa shaka, na kikizima ghafla, konsoli ikiwa tupu na umeme ukiwa sawa, haifai kupoteza siku nzima juu yake.

Katika kifo cha namna hiyo, kinachoamua kama ofisi itafunguliwa leo au baada ya wiki ni nakala ya mipangilio. Kisanduku kingine hupatikana. Kanuni mia mbili zilizoandikwa kwa miaka minane na wasimamizi watatu, wawili wakiwa wameshaacha kazi, hazipatikani dukani. Nakala hiyo ni faili la maandishi, mara nyingi dogo kuliko picha moja ya simu. Ihifadhiwe nje ya kifaa na ibadilishwe kila kanuni inapobadilika. Kwa kuwa imo na funguo za kuunganisha matawi, isikae kwenye folda inayofunguliwa na kila mtu. Kwa ASA, "show running-config" huficha funguo hizo kwa nyota. Amri ya "more system:running-config" ndiyo huzionyesha, na nakala yenye nyota haitawaunganisha tena na tawi lolote. Pamoja nayo ziandikwe namba ya kifaa na namba ndefu ya leseni, ambazo "show version" huzitoa.

Kifaa kikisharudi kazini, bado yapo ya kutazama kabla ya fundi kufunga mkoba wake. Milango iliyopaswa kufungwa ijaribiwe kutoka nje, kwa kuwa kifaa kilichoamka na mipangilio ya zamani kinaweza kuwa kimefungua kile kilichokwisha kufungwa. Muungano wa kila tawi ujaribiwe mmoja mmoja. Saa ya kifaa nayo isomwe kwa "show clock", maana kikirudi na tarehe ya miaka iliyopita kitavikataa vyeti vya usalama vya watu wanaoingia kutoka nyumbani, na simu zitaanza kulia upya.